Mnunuzi wa Mwakani

Annerose Bühler ameolewa na Eugen miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo amepanda magari mapya ishirini na saba. Watu wa mbali wakisikia hesabu hiyo humwonea wivu. Wa hapa Dachtelbach hawaoni ajabu, kwa sababu nusu ya wanaume wa kijiji wanafunga milango na viti kule kwenye kiwanda cha magari, na kila mfanyakazi ana haki ya kuchukua gari jipya kila mwaka kwa bei ya chini, alitumie miezi kumi na miwili, kisha aliuze kwa mtu baki. Ndivyo watu wanavyoishi huku. Gari linaingia, linakaa mwaka, linaondoka kabla halijachoka, na jingine linachukua nafasi yake.

Kinachomchosha Annerose si magari. Ni Mnunuzi.

Mnunuzi hana jina wala sura, maana kila mwaka anakuwa bado hajapatikana, lakini amejikalia kwenye ndoa yao kama mgeni asiyeaga. Mnunuzi hapendi makombo, kwa hiyo watoto walikula mikate yao wamesimama kando ya barabara, hata mvua ikinyesha. Mnunuzi hapendi harufu ya mbwa, basi hawakufuga mbwa. Mnunuzi anapenda kijivu, na magari yote ishirini na saba yamekuwa ya kijivu, isipokuwa jeusi moja ambalo Eugen hulitaja mpaka leo kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa lilichelewa kununuliwa wiki tatu. Binti yao Sonja alipotapika njiani, akiwa na miaka sita, Eugen alisimamisha gari, akamfuta mtoto haraka haraka, kisha akakifuta kiti nusu saa nzima. Annerose aliyaona hayo akanyamaza. Amenyamazia mengi mwanamke huyu, mimi nisingeweza hata robo yake.

Mwaka huu alikuwa na sababu ya kufungua mdomo. Mama yake, bibi Lore, anayeishi nao, ana miaka themanini na sita na nyonga ya bandia ambayo haikukaa vizuri. Dada yake pekee aliyebaki, Hilde, yuko Allgäu, kule milimani, mwendo wa saa mbili na nusu, na hatoki tena kitandani. Kila Jumapili wazee hao wawili wanapigiana simu na kudanganyana kwamba wataonana. Treni ina kushuka na kupanda mara tatu. Gari walilonalo ni la chini mno. Kuingia, bibi Lore hujitupa kama gunia, na kutoka ndiyo balaa yenyewe.

Kwa hiyo Annerose alitaka kitu kimoja tu: SUV ndogo ya familia, gari lililoinuka, la daraja la juu kama Eugen apendavyo, lakini lenye viti vya kawaida, bapa pembeni, ili mama yake aketi kwanza kisha ageuze miguu. Iwe ndogo kwa sababu gereji yao ilijengwa na baba yake Eugen zamani, magari yalipokuwa na ukubwa wa kabati. Na alitaka safari hii wakae nalo. Eugen angestaafu Septemba. Kwa hesabu za Annerose hilo lilikuwa gari la mwisho la kiwandani, na baada yake Mnunuzi angewaacha wapumue.

Jumamosi moja, walipokwisha kufagia njia ya mbele ya nyumba, Eugen aliweka tableti mezani, akavaa miwani.

"Haya, lililoinuka nimekubali. Rangi?"

"Kijani. Kile cheusicheusi, cha msonobari."

"Kijani nani atanunua?"

"Mimi nimeshakipenda."

"Wewe huhesabiki, Annerose. Wewe unakaa nalo bure."

Alicheka, akidhani mkewe naye atacheka. Annerose aliona heri aiache rangi apate viti.

"Basi weka kijivu chako. Lakini viti viwe vya kawaida."

"Vya kawaida havina soko, mke wangu. Siku hizi watu wanataka vile vya kimichezo, vilivyoinuka pembeni. Vinakushika ukikata kona."

"Mama ana miaka themanini na sita, Eugen. Anakata kona gani?"

Bibi Lore, aliyekuwa akimenya viazi, aliinua kichwa. "Mimi msinigombanie. Nifungeni kamba juu ya paa, kama mbao za skii."

Wiki iliyofuata walikwenda naye kwa muuzaji wa magari kujaribu. Kwenye kiti cha kimichezo, ule ukingo wa pembeni ulimkita palepale kwenye nyonga. Alibaki nusu ndani, nusu nje, ameshika mlango, machozi yanamlengalenga, na muuzaji akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Kwenye gari la pili, lenye viti vya kawaida, aliketi, akageuza miguu, akauliza kama wanaweza kumwacha humo mpaka Krismasi. Annerose alimtazama mumewe.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Eugen.

Annerose akaridhika. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba aliridhika. Jumatatu Eugen aliagiza gari akiwa kazini, kwa kuwa fomu hujazwa na mfanyakazi mwenyewe, na Jumanne akaleta karatasi nyumbani. Kijivu. Viti vya kimichezo. Litafika Februari.

"Tutamwekea mto," alisema kabla hajaulizwa. "Ni mwaka mmoja tu, Annerose, tunauza."

"Mwaka mmoja vipi? Unastaafu."

"Kwani hukujua? Wastaafu nao wanaruhusiwa. Kila mwaka gari, mpaka mtu afe." Aliyasema hayo kwa furaha, kama mtu aliyeleta maua.

Annerose alipandwa na hasira. Angeweza kusamehe rangi. Angeweza pengine kusamehe hata kuambiwa hahesabiki. Lakini mtu huyu alimwona mama yake akilia mlangoni mwa gari, akasema ameona, kisha akaenda kumchagulia starehe mtu ambaye hata hajazaliwa kwenye maisha yao.

"Nina akiba yangu," alisema. "Miaka ishirini na mbili nimewashikia watu vinywa kwa daktari wa meno. Nitanunua mwenyewe."

"Utanunua lililotumika? Sisi?" Eugen alishtuka kweli. "Watu watatuonaje?"

Annerose alianza kutafuta kwenye matangazo, na hapo ndipo alipochoka mara ya pili. Yalikuwepo mamia, yote ya mwaka mmoja, yote safi kupita kiasi, na yote ya kijivu yenye viti vya kimichezo, maana kila mwanamume wa eneo zima amekaa mezani kwake na miwani akiwaza kama Eugen. Wiki ya pili aliliona moja, kijiji cha tatu kutoka kwao. Viti vya kawaida. Tangazo lilikuwa limekaa miezi miwili.

Alikwenda na mama yake kwa teksi. Bwana Klumpp, mwenye gari, alianza kwa kuomba radhi.

"Nisikufiche, viti ni vile vya kawaida. Nilikosea kubonyeza wakati wa kuagiza. Kwa hilo nitakupunguzia."

Bibi Lore hakungoja maelezo. Aliketi, akageuza miguu, akavuta mkanda, akatulia. Annerose akasema wanalichukua, na Klumpp, uso umemng'aa, akaingia ndani kutafuta karatasi.

Mkewe alibaki uani. Gerda lilikuwa jina lake, mwanamke wa umri wa Annerose, anayesimama kwa kuegemea upande mmoja. Alilizunguka gari polepole, akafungua mlango wa pili, akaufunga.

"Ndani hakujawahi kuliwa kitu," alisema. "Hata peremende."

"Naamini," alisema Annerose. "Na kwetu ni hivyo hivyo."

"Nyinyi mtalifanyia nini?"

"Jumapili tunakwenda Allgäu, kwa mama mdogo. Tukirudi tutakaa nalo mpaka life."

Gerda aliitikia kwa kichwa. Kisha akasogea karibu, bibi Lore asisikie.

"Miezi miwili nimekuwa nikiomba kimoyomoyo lisipate mtu. Mgongo wangu mbovu. Katika yote tuliyopitisha hapa, ni hili tu ninaloingia bila kuumia."

"Umemwambia mumeo?"

"Nimemwambia. Amesema ndiyo, ameona."

Annerose aligeuka. Ndani ya gari mama yake alikuwa ameegemeza kichwa na kufumba macho, kama mtu ambaye safari imeshaanza. Klumpp akatoka na karatasi, akazipangusa kwa mkono wa sweta yake ili zisikwaruze rangi, akazitandaza juu ya boneti.

"Weka sahihi hapa, mama," alisema, "na hapa."

Gerda alikuwa akimtazama. Annerose akachukua kalamu, akaweka sahihi, pale na pale.