Malaika Waliochongwa Kwenye Shaba

Kitabu kile kilinuka unyevu na vumbi la stoo. Mama alikinunua katika duka la vitu vilivyotumika hapa Haltom City, Marekani, miezi michache kabla ya ugonjwa kumlaza, kwa sababu ya picha zake: michoro ya watakatifu iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba huko Ulaya, karne nyingi zilizopita, kisha ikachapwa kwa wino mweusi. Aliyoipenda zaidi ilimwonyesha Maria akipaa mbinguni. Malaika walimzunguka na vinanda, zeze na tarumbeta, vidole vyao vimechorwa kwa mistari myembamba kama nywele. Mama, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, alisema ukiitazama sana utasikia.

Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa ametangulia, tukiwa bado katika kambi ya wakimbizi. Niliacha shule, nikaenda kufunga maboksi ghalani, nikawalea wadogo zangu, Furaha na Amani. Kwetu, mashariki ya Kongo, nyumba yenye matanga haiimbi wala haipigi muziki mpaka mkubwa wa ukoo ayaondoe. Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa, aliyebaki kambini. Niliishika desturi ile kwa nguvu zote, maana nilihofu kwamba tukiiacha hatutakuwa tena na kwetu.

Furaha, msichana wa miaka tisa, alikuwa na sauti ya Mama. Ili asiimbe, nilimfungulia kitabu. Tulipiga vyombo vya malaika kwa vidole juu ya meza, kimya kimya, majira yote yale ya baridi.

"Huyu wa tarumbeta ana mashavu kama pasta akila fufu," Amani alisema.

Furaha hakucheka. "Yaya," alisema, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "nimechoka kusikiliza karatasi. Nitaimba lini?"

"Baba mkubwa akisema."

Nilingoja simu yake. Baada ya miaka miwili ndipo nilipojua kwamba naye alidhani huku Marekani mkubwa ni mimi, na kwamba nilishayaondoa matanga zamani. Wiki ile ile nilipika, nikaita majirani, nikamwambia Furaha aimbe. Alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kuosha vyombo.

Siku hizi anaishi Sharpstown, Houston, naye ni mama. Wakati ule niliamini utii utatuweka pamoja, na kweli tuko pamoja. Hakuna Jumapili inayopita bila simu. Majuzi nilimtembelea. Mtoto wake alipolia, alimpakata akampembeza, midomo imefungwa. Nikamwomba anisamehe.

"Ulitulisha, Yaya," alisema. "Yatosha." Akaendelea kumpembeza mtoto, bila sauti, mpaka akalala.