Kiduha kilitaka kutuchomea shamba la mama, vijiji vitatu vikapiga ngoma siku moja

Wakuu, heshima kwenu wote.

Naona humu watu wanalia magugu yamewashinda na serikali ipo. Ngoja niwape ya kwetu, upande wa Ipole, Unyamwezi, enzi za Ujamaa. Sitii chumvi. Pacha wangu Kulwa yupo hai, na nikikosea atanisuta mbele yenu.

Tulikuwa tumeshahamia kijijini, nyumba zimepangwa mistari. Mama yetu alikuwa mjane, na shamba lake la mahindi ndilo lililotulisha.

Basi kikaingia kiduha.

Kwa msiokijua, ni kigugu kifupi chenye maua ya zambarau, kizuri kweli kweli, ila kinanyonya mizizi ya mahindi. Mvua ipo na shamba linakuwa njano. Laana tupu!

Bwana shamba akasema king'olewe kabla hakijatoa mbegu, kisha kichomwe. Sawa. Ila katibu wa chama wiki hiyo hiyo alitaka watu wote kwenye tumbaku ya kijiji. Vijiji viwili jirani navyo vilikuwa na siku zao za kung'oa. Hiyo ndiyo coordination yetu, cheka tu.

Na sisi wenyewe tulikuwa na letu.

Kwetu watu hawalimi kimya kimya. Kulikuwa na kikundi cha ngoma. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, anaimba, ngoma inalia, vijana wamefunga njuga miguuni, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Wakimaliza kwako wanahamia kwa jirani, mpaka kijiji cha pili. Raha yake usiombe!

Sasa mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi. Siku moja bwana shamba akachukua njuga za kijana mmoja, akazikung'utia kwenye kitambaa cheupe. Zikamwagika mbegu.

Kumbe tulikuwa tunakisambaza wenyewe, tena kwa vigelegele!

Ukaitishwa mkutano. Bwana shamba akapiga marufuku ngoma. Manju akaruka juu: bila ngoma, hakuna jembe litakaloinuka. Katibu, mtu wa njia za mkato, akasema shamba lililoharibika zaidi lichomwe lote, na mahindi yake.

Lilikuwa la mama.

Mama akasimama, khanga kaifunga kiunoni. Mliolelewa Unyamwezi mnajua maana yake.

"Mkichoma langu, wanangu watakula nini, hotuba?"

Akawageukia mmoja mmoja.

"Manju, piga ngoma, ila usivuke mpaka wa kijiji. Kila kijiji na ngoma yake, siku moja. Katibu, tumbaku itasubiri. Na wewe bwana shamba, washa moto pembeni ya shamba. Asitoke mtu hajakung'uta jembe na njuga."

Bwana shamba akasema, "Mama Kulwa, hapo nakubali."

Katibu akakohoa weee! Lakini nimpe haki yake: jioni ile ile alipanda baiskeli, akaenda kuongea na wenzake wa vijiji vile viwili.

Siku ikafika. Ngoma yetu ikaanza. Mara tukasikia ya pili ng'ambo ya mbuga, halafu ya tatu. Wakuu, watu walipagawa! Nani akubali kushindwa na jirani? Tuling'oa mpaka katibu akakunja suruali. Moshi ukapanda sehemu tatu, na mimi nikalia kwa furaha, sioni haya kusema.

Akina mama wakamtania bwana shamba mpaka akafunga njuga, akacheza. Alipotaka kuondoka manju akamzuia: "Kung'uta kwanza!" Kijiji kizima kilivunjika mbavu.

Hakikuisha mara moja, mbegu zake hulala ardhini miaka. Kila msimu tulirudia hivyo hivyo. Lakini shamba la mama halikuchomwa, na mwaka ule tulikula mahindi yetu.

Misimu ilipopita, mama alirudi shambani na kiduha kimoja mkononi. Kimoja tu, alilizunguka shamba zima kukipata. Akakisokomeza jikoni chini ya sufuria ya ugali.

"Haya, leo na wewe nilishie wanangu."

Somo langu: gugu halijui mpaka wa kijiji wala wa idara. Mkilipiga kila mtu siku yake, mnalihamisha tu.

Nyie kwenu kiduha mlikiitaje, na nani aliwakutanisha? Mwageni. Kulwa, kama upo humu, sema kama nimedanganya.