Siku Vyerehani Vyote Vilipougua

Kiwandani anaitwa Mama Sikio, na si kwa sababu masikio yake ni makubwa. Ni madogo kama vifungo vya shati la mtoto. Jina alilipata kwa kazi. Anaweza kusimama mlangoni mwa ukumbi wa ushonaji, vyerehani thelathini na sita vikinguruma kwa pamoja, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Ishirini na mbili, sindano imepinda." Ukienda kutazama, imepinda kweli. Wageni hudhani ni mazingaombwe. Wenyeji wameshazoea, wanabadilisha sindano na kuendelea na kazi.

Ufundi hakuusomea popote. Alianza pale kama mshonaji wa mifuko ya suruali, mifuko tu, asubuhi mpaka jioni, mpaka akawa anaota mifuko. Cherehani chake kikiharibika hakuwa na subira ya kumngoja fundi. Alikifungua kwa kisu cha kukatia nyuzi, akakichungulia tumboni, akakifunga. Siku moja alikifunga skrubu mbili zikabaki mkononi, na kikashona vizuri kuliko mwanzo. Fundi wa zamani alipostaafu, hakuna aliyejisumbua kuuliza nani atashika nafasi yake. Sasa ni miaka kumi na minne, na funguo za chumba cha vipuri zinaning'inia kiunoni mwa Mama Sikio.

Ubovu wa kujificha, ule usiosikika kutoka mlangoni, ana namna yake ya kuutafuta. Huchukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaigusisha kwenye mwili wa cherehani, mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Hapo humeza mate, huzuia pumzi na kusikiliza. Mlio wote wa chuma hupanda kwa bisibisi na kuingia kichwani. Mkanda uliolegea unavuma, gia yenye kiu ya mafuta inalia kama bawaba ya mlango, na yeye anazijua sauti zote hizo kama mtu anavyojua hatua za watu wa nyumbani kwake.

Jumatatu hiyo alianza na namba tisa. Anayekitumia ni dada mmoja mwenye maneno mengi, wenzake humwita Redio, naye alilalamika kwamba uzi unakatika. Mama Sikio akaweka bisibisi, akameza mate, akasikiliza.

Tak.

Sauti ndogo, kavu, ya kitu kigumu kinachoruka juu ya kitu kigumu. Ikaja mara moja, ikanyamaza, kisha ikaja tena baadaye kidogo. Akakifungua cherehani, akasafisha, akapaka mafuta, akakifunga. Tak. Akahamia namba kumi, kwa kulinganisha tu. Tak. Namba kumi na moja, tak. Macho yakamtoka. Kufika saa sita alikuwa amepita safu nzima ya vyerehani kumi na viwili, na kila kimoja kilikuwa na tak ile ile, kama vile vimeambukizana mafua.

Alichofikiria ni mafuta. Wiki hiyo walikuwa wamefungua dumu jipya, na mafuta yenye uchafu yanaweza kuua mashine kimyakimya. Akaenda mbio kwa msimamizi, bwana mmoja mwembamba anayetazama saa yake hata anapopiga chafya, ndiyo maana akaitwa Bwana Dakika. Mama Sikio akamwambia safu nzima isimame kabla havijasagika vyuma.

Bwana Dakika akatazama saa. Sare za wauguzi, mia sita, zilitakiwa ziwe ndani ya maboksi wiki iliyofuata. Akamuuliza kama ana hakika.

"Nimeisikia kwa mfupa wangu," Mama Sikio akajibu.

Hakujua alivyosema kweli.

Safu ikasimama. Akamwaga mafuta yote, akaosha gia kwa brashi, akatia mafuta ya dumu la zamani. Washonaji kumi na wawili wakakaa na kupiga soga, Redio akiwa mtangazaji mkuu. Jumanne asubuhi vyerehani vikawashwa upya, Mama Sikio akaweka bisibisi yake roho juu, akameza mate. Tak. Hajawahi kushindwa na cherehani hata kimoja, na sasa vilikuwa vinamshinda kumi na viwili kwa mpigo.

Kabla ya saa saba umeme ukakatika. Ukumbi mzima ukazimika, mota zikavuma zikishuka mpaka zikafa, na kimya kikatanda, kimya ambacho mle ndani hawakijui. Mama Sikio alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na namba tisa. Akafungua chupa yake ya maji, akapiga funda.

Tak.

Akaganda, chupa mdomoni. Cherehani kimelala. Bisibisi iko sakafuni. Redio akageuka polepole.

"Mama Sikio, umemeza nini? Kokoto?"

"Umesikia?"

"Nitaachaje kusikia? Imelia kama kidole kinavyoalishwa."

Akapiga funda la pili. Tak. Washonaji wa jirani wakasogea na viti vyao. Funda la tatu, huku ameweka vidole shingoni, na safari hii hakuisikia tu, aliigusa: kitu kigumu upande wa kushoto wa kikoromeo kilipanda, kikakwama kidogo, kikaruka. Ubovu alioutafuta siku mbili ndani ya chuma ulikuwa ndani ya koo lake mwenyewe. Kila aliposikiliza alimeza mate, na kila alipomeza, koo lilipiga tak moja kwa moja kwenye mfupa alioukandamizia mpini.

Wenzake wakavunjika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko akaingiwa na ubaridi. Mashine inayolia ni mashine inayolika mahali. Sasa koo linaloalika je?

Alijikaza, akaenda kwa Bwana Dakika na kumweleza yote bila kujitetea. Vyerehani vizima, mafuta mazima, aliyelia ni yeye. Bwana Dakika hakucheka. Alisema safu iwashwe mara umeme ukirudi, kisha akafunga mlango wa ofisi na kusema lile ambalo Mama Sikio aliliogopa. Tangu jana mwenye kiwanda alikuwa anauliza kwa nini wasimlete fundi wa kampuni inayouza mashine, yule anayepima kwa kifaa chenye taa. Mpaka sasa jibu lilikuwa jepesi: tuna Mama Sikio. Lakini sikio linalojisikiliza lenyewe, atalitetea vipi?

"Nenda hospitali," akasema. "Ijumaa mchana utanionyesha kama sikio bado lipo. Likiwa halipo, Jumatatu anakuja mwingine, na mimi sitakuwa na la kusema."

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye ni mwashi na huongea kwa kupima kama anavyopima saruji. Akampigia funda la chai amsikilizishe. Mumewe akatikisa kichwa.

"Hiyo? Mbona naisikia tangu mwezi uliopita."

"Na hukuniambia?"

"Ni koo lako, mke wangu. Nilidhani unalijua."

Mama Sikio akaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi akaingia kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alikuwa dada mdogo kwa umri, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Akamuuliza maswali mfululizo. Anaumwa akimeza? Chakula kinakwama? Sauti imekwaruza? Amepungua mwili bila sababu? Ameona uvimbe shingoni? Hapana, hapana, hapana zote tano. Daktari akaeleza kwamba watu wengi husikia mlio sikioni wanapomeza, kwa kuwa kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio na nyuma ya pua, nao hufunguka mtu akimeza. Lakini mlio wa namna hiyo kwa kawaida huusikia mwenyewe.

"Wangu wanausikia safu nzima," Mama Sikio akasema.

"Basi tuutafute."

Akamshika kikoromeo kwa vidole viwili, akamwambia ameze. Tak. Akakisukuma kidogo upande wa kulia, taratibu, akamwambia ameze tena. Kimya. Akaachia, tak. Akasukuma, kimya.

Mama Sikio akasahau hofu yote. Hivyo ndivyo anavyofanya yeye kazini: unagusa sehemu moja, mlio ukikoma, umeshajua pa kutazama. Akaomba wafanye tena. Wakafanya mara sita, na mara mbili za mwisho alijishika mwenyewe.

Daktari akampitisha puani mrija mwembamba wenye kamera. Ulimwasha, machozi yakamtoka, lakini mbele yake kulikuwa na kioo kama cha televisheni na ndani yake koo lake, jekundu, lenye unyevu, limejaa kazi. Aliambiwa aseme "iii", na utando mweupe, wa kushoto na wa kulia, ukakutana katikati kama pazia. Ndiyo sauti yake hiyo. Kwa miaka yote alikuwa akizungumza kwa kitu asichowahi kukiona. Hapakuwa na uvimbe, wala kidonda.

Kisha daktari akachukua kalamu na kuchora. Juu ya kikoromeo kuna mfupa mdogo wenye umbo la herufi U. Mfupa huo haukuungana na mfupa mwingine wowote. Umening'inizwa tu kwa misuli na kano.

"Hauna skrubu hata moja?" Mama Sikio akauliza.

"Hata moja, mama."

"Na haudondoki?"

"Haudondoki. Ukimeza, unapanda juu pamoja na kikoromeo chote, njia ya hewa inafungwa, chakula kinapita, halafu vyote vinarudi chini. Kama sekunde moja hivi. Kila siku unafanya hivyo mara mamia, hata usingizini."

Mama Sikio alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Kikoromeo, daktari akaendelea, ni gegedu, kama lile la sikio, nacho kina vipembe viwili vinavyotazama juu. Kwa baadhi ya watu kipembe kimoja kimerefuka au kimeinama kidogo, kikipita kinakwaruzana na mfupa ule, au na uti wa shingo nyuma yake. Kinakwama, kinateleza, kinalia. Kwa nini kimeanza sasa, hakuweza kusema kwa hakika. Huenda ni umri, gegedu hukakamaa.

"Kuna mafuta ya kukitia?"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Hakuna mafuta. Wapo wanaoumia sana, hao hupigwa picha za ndani na wengine hupasuliwa, kipembe kikakatwa kidogo. Yeye haumwi, basi kiachwe. Akianza kuumwa, chakula kikakwama au sauti ikabadilika, arudi bila kuchelewa. Mama Sikio akaomba ile karatasi ya mchoro. Njiani aliitoa mara tatu kuitazama, na kila alipomeza alihesabu: kimepanda, kimefunga, kimerudi.

Ijumaa mchana Bwana Dakika akawatoa washonaji wote nje kwa robo saa, akajifungia ukumbini. Aliporudi kuwaita alisema ameharibu cherehani kimoja kati ya thelathini na sita, ubovu mdogo, na Mama Sikio akitafute. Wakakaa, mota zikawashwa, ukumbi ukanguruma. Mama Sikio akachukua bisibisi kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akajishika kikoromeo na kukisukuma pembeni.

Vicheko vikapasuka. Redio akauliza kwa sauti kama fundi amekuja kutengeneza au kujinyonga. Mtu aliyejishika koo hajibizani.

Namba moja, kimya. Mbili, kimya. Koo lake lilikuwa limenyamaza kabisa chini ya vidole, na sauti za chuma zilipanda kwa mpini safi kuliko alivyokumbuka. Alipofika kumi na nne akasimama. "Skrubu ya mguu imelegezwa," akasema. Akaikaza nusu mzunguko kwenye mguu unaobana kitambaa, akamtazama Bwana Dakika. Bwana Dakika akaachia tabasamu, akatoa simu mfukoni.

"Ni hicho. Inatosha, Mama."

"Bado."

Akaendelea. Kumi na tano, kumi na sita, bila haraka, huku Bwana Dakika akimfuata nyuma na simu mkononi, akisema mtihani umekwisha, ameshinda, waendelee na kazi. Thelathini na moja akasimama tena. Akasikiliza kwa muda. Akaachia koo, akasikiliza, akalishika upya, akasikiliza.

Tak. Ameshika, tak. Hajameza, tak.

"Zimeni hiki," akasema. Akapiga magoti, akafungua chini ya bamba, mahali bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inapokaa, akaingiza kibano. Akatoka na kipande cha ncha ya sindano, kidogo kama punje ya mchele, kilichokuwa kimejibana pembeni mwa bobini na kuanza kukichora chuma.

Bwana Dakika akakipokea kiganjani. Alikitazama muda mrefu bila kuangalia saa.

"Hiki sikukiweka mimi," akasema.

"Najua. Kingeweza kula mashine ndani ya wiki moja."

Akaashiria mashine zote zizimwe, akapiga simu palepale, mbele ya wote, na walimsikia akimwambia mwenye kiwanda kwamba Jumatatu asiletwe mtu. Mama Sikio alikuwa bado yupo magotini, anafunga bamba. Koo lilikuwa limemkauka kwa kushikwa muda wote ule, akanyoosha mkono aombe maji. Redio akampa chupa yake mwenyewe, akainamisha kichwa na kusogeza sikio karibu, na safu nzima ikanyamaza ili isikie.

Akapiga funda.

"Hiyo ni yangu," Mama Sikio akasema. "Washa mashine, dada. Sare hazijishoni."