Kamera Ndani ya Mchoma Nyama

Mimi ni nesi, na kazi yangu ni kushika vichwa. Mgonjwa analala ubavu, daktari anamwingizia kinywani mrija mweusi unaopindika, wenye taa na kamera nchani, nami namshika asigeuke. Nimefanya kazi hii hapa Thika miaka mingi na bado kila mrija unapoingia moyo wangu husimama kidogo. Nadhani Mungu alituficha matumbo yetu makusudi, na sisi tumekwenda kuchungulia.

Bedan alikuja kwetu kwa kusukumwa na mke wake, Wakonyo. Ni mchoma nyama wa Kamakis, mtu wa mikono mipana na sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Kwake kila ubavu huonjwa ukitoka motoni kabla ya kufika kwenye ubao wa mteja. Ndiyo heshima ya kazi, na ulimi wake umezoea moto hata hausikii tena. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kazi hiyo, alikuwa amezikwa mwezi wa nne. Saratani ya umio, ule mrija wa kupitisha chakula. Ilianza nyama ikikwama, mwisho hata uji haukupita. Wakonyo ndiye aliyemuuguza shemeji yake, na baada ya matanga akasema mume wake atachunguzwa, apende asipende. Alitaka kujua jambo moja: je, naye anayo? Na kama anayo, bado inaweza kuwahiwa?

"Mzee, umekula chochote tangu jana jioni?" nikamwuliza.

"Sijakula kitu, sista. Hata chai sijaguza."

Tukampulizia dawa ya ganzi kooni, tukamwekea kipande cha plastiki cha kuzuia meno, maana mashine yetu ni moja na mgonjwa akiiuma tumekwisha. Daktari Keyur akaingiza mrija. Yeye ni Mhindi wa hapa hapa Thika, mpole, na tangu azaliwe hajawahi kutia nyama kinywani.

Skrini ikawaka. Ukuta wa rangi ya waridi, wenye unyevu, ukawa unafunguka mbele yetu. Katikati ya umio tukaona doa jekundu. Mrija ukashuka hadi tumboni, na hapo daktari akasita.

"Sista Kavindu, hii ni nini?"

Nikatazama. "Ni mbuzi, daktari."

"Mbuzi?"

"Wa kuchoma. Na si wa jana."

Akauvuta mrija haraka, na afadhali alifanya hivyo, kwa sababu Bedan alianza kutapika papo hapo, na chakula kikimrudia mtu katika hali ile kinaweza kuingia mapafuni kikamuua. Nikamgeuza, nikamsafisha, kisha nikamfokea. Nina ulimi, siwezi kukana.

"Wewe mzee! Si ulisema hujakula?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sikukula, sista. Nilipitia job kuwasha moto, nikaonja tu. Kuonja si kula!"

Wakonyo, aliyekuwa ameingia aliposikia kelele, akashika kichwa. "Ngai! Baba Mwas, umeonja nini?"

"Mbavu kidogo. Na mguu. Oda ilikuwa ya harusi."

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu daktari hakucheka. Doa lilikuwa bado mle ndani na hatukujua ni nini. Daktari Keyur huja kwetu siku moja tu kwa wiki, kwa hiyo ilibidi Bedan asubiri. Wakonyo akamhamishia kwa dada yake kule Theta, mbali na jiko lolote la nyama, na usiku wa kuamkia siku yenyewe akatandika godoro lake mlangoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mara ya pili Bedan alikuja tumbo tupu kweli. Tukampa dawa ya usingizi. Mrija ulipofika kwenye doa, daktari akanyunyiza dawa ya iodini. Umio wote ukageuka kahawia mbele ya macho yetu, kama mkate unavyoiva, ila sehemu moja, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ilikataa rangi. Ikabaki nyeupe-nyeupe. Ugonjwa ulikuwa umejitaja wenyewe, na mimi niliyezoea nikasikia nywele zikinisimama.

"Naona bado iko juu juu," daktari akanong'ona. "Tuitoe sasa hivi."

Zamani mtu angepasuliwa kifua. Daktari akakifyonza kile kipande ndani ya kofia ndogo iliyo nchani mwa mrija, akakifunga kwa mpira mwembamba, kisha akapitisha waya wa moto. Kikakatika. Damu ikachuruzika, akaichoma, ikanyamaza. Nilijiuliza mikono ya binadamu imejifunza wapi kufanya kazi mahali isipoweza kufika. Nilitamani kupiga magoti, lakini nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu.

Hata hivyo kukata si kupona. Kipande kilipelekwa maabara kuangaliwa kama kingo zake ni safi, au ugonjwa umebaki nyuma, umezama zaidi. Hilo kamera yetu haiwezi kuliona, na kama umezama, ingebidi apasuliwe kifua kama zamani.

Majibu yalipotoka walikuja wote wawili. Bedan alikuwa amekonda, na ile sauti yake hakuja nayo. Daktari hakuzunguka.

"Kingo ni safi. Imetoka yote. Utakuwa ukirudi tukuangalie, na vitu vya moto uache vipoe kwanza. Lakini imetoka."

Wakonyo akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akakaa pale pale akilia kwa sauti. Bedan akapapasa kifua chake juu ya shati, akitafuta kidonda ambacho hakikuwepo.

"Sista," akaniambia, "nipe maji."

Nikampa gilasi. Akanywa funda moja, akatulia, akaweka mkono kooni kana kwamba anasikiliza. Yakapita. Akanywa la pili. Tangu mazishi, akasema, hajameza kitu bila kuogopa kwamba hicho ndicho kitakachokwama, na hakumwambia mtu, hata mke wake. Foleni ilikuwa ndefu nje, lakini daktari alisimama, nami nikasimama, tukimtazama mtu mzima akinywa maji. Akamaliza gilasi, akaomba nyingine.