Sahihi Yangu Ndiyo Iliyomkata Kaka

Admin, ficha jina langu na usiweke hata herufi yake ya kwanza, maana ndugu zangu wengi wamo humu na wanapenda kusoma maoni kuliko kisa chenyewe. Mie ni mama wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani, naishi na mume wangu na watoto wawili huku Temeke, kwenye nyumba ya baba mkwe.

Nina kaka mmoja tu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akabeba magunia sokoni Tandale ili mie nimalize. Safari hii alichukua fomu ya udiwani wa kata yetu. Ada alilipa, picha alipiga, kilichobaki ni wadhamini, yaani wapiga kura wa kata hii wanaokubali kuandika majina na namba za vitambulisho vyao kwenye fomu yake. Watu waliogopa. Mwingine anakupa chai, anakuombea dua, ukitoa fomu tu anakumbuka ana mgonjwa hospitali.

Kabla kaka hajafika kwangu, baba mkwe aliingia sebuleni na fomu ya mtu mwingine anayewania kiti hichohicho, mtoto wa dada yake. Akaniambia, "Mwanangu, weka sahihi yako hapa."

Nikamwambia, "Baba, kaka yangu naye anagombea."

"Kwani nimekwambia umpigie kura? Hii ni kudhamini tu."

Sasa mie nikae kwenye nyumba ya mzee halafu nimnyime sahihi? Nikaandika.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Sie kwenye kikoba tunadhaminianaga mikopo hata watu watatu kwa mpigo, na hakuna anayekuuliza. Neno ni lilelile, mdhamini. Nikajua na huku ni hivyohivyo. Kaka alipokuja siku mbili baadaye nikasaini na ya kwake, tena kwa moyo mmoja.

Lakini nisijitakase. Rafiki yake aliyekuwa anajaza fomu aliuliza watu wote pale uani, "Kuna mtu ameshamdhamini mgombea mwingine? Aseme sasa hivi, hairuhusiwi." Nilisikia vizuri sana. Baba mkwe alikuwa amekaa barazani ananitazama. Nikainamia cherehani, nikajifanya natunga uzi. Wadhamini walitimia kamili, hakuna hata mmoja wa akiba.

Fomu ilirudishwa siku ya mwisho. Kesho yake jina la kaka likakatwa. Karatasi aliyopewa ilisema mdhamini wake mmoja ameonekana kwenye fomu ya mgombea mwingine, kwa hiyo idadi haijatimia. Jina la mdhamini hawakuandika.

Kaka akaamua msaliti ni mkewe, kwa sababu mjomba wa wifi yangu anampigia debe yule mpinzani. Wifi alilia, akaapa kwa marehemu mama yake, kaka hakusikia. Kamrudisha kwao Boko na kichanga mgongoni. Alipokuwa anafunga mabegi alinishika mkono akasema, "Wifi, wewe unanijua. Mwambie kaka yako." Nikamwambia avumilie, hasira zitapoa. Nilijiona mchawi.

Sasa kaka anakata rufaa. Anaamini wapinzani wameghushi, na wakili wake anataka kila mdhamini ale kiapo kwamba amesaini fomu moja tu. Leo mchana amekuja hapa dukani kwangu, kakonda, akaniambia, "Mdogo wangu, kesho utaanza wewe. Wengine wakikuona wewe hawataogopa."

Nikiapa, naapa uongo, na wenzetu wanayo ile fomu yenye mwandiko wangu. Nikisema kweli, rufaa imekufa, na kaka atajua aliyemkata ni mtu aliyemsomesha. Mume wangu nimemwambia, kanijibu, "Ukisema utakuwa umemdhalilisha baba. Mke wa kaka yako atarudi tu, wanawake mnarudigi." Nimemuogopa.

Wakati naandika haya wifi amenitumia ujumbe, anauliza kama kaka ameshamjua huyo mtu, maana mtoto ana homa na anataka kurudi nyumbani kwake. Nimeusoma, sijaujibu.

Nishaurini jamani, matusi mniachie, najitukana mwenyewe yananitosha. Kesho saa tatu naitwa wa kwanza. Nikifika pale mbele ya kaka yangu, niseme nini?