Pilau la Muuza Gari

Wenzangu, leo sahani moja ya pilau imenigharimu shilingi milioni nzima.

Nilikwenda Mtawanya kununua pikapu. Matairi mawili yamekwisha, nikasema milioni nne.

Muuzaji akacheka. "Dada, bei ya gari siongei na mwanamke. Mlete mjomba wako."

Haya. Nikamleta kutoka Nanyamba, njia nzima namwambia: milioni nne, isizidi.

Tukakaribishwa pilau. Mjomba akala, akaongezwa.

"Milioni tano, mzee," muuzaji akasema.

"Sawa, mwanangu."

Nikamnong'oneza: "Mjomba! Na matairi je?"

"Nimeshakula kwake, nitabishana naye vipi?"

Mjomba akishasema mbele za watu, mimi ni nani? Nimelipa. Korosho zangu za misimu miwili zimekwisha.

Nimechoka, jamani. Nanyi mkienda kununua gari, mjomba ashibe kwanza nyumbani.