Moto Unapumulia Wapi?

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila mtu anaponiuliza habari za majiko, mwanangu, na wewe jana umeniuliza. Umesema unahamia kwako Makanyagio, vyumba viwili na uwanja mdogo, na hujui ununue jiko la kuni, la gesi, au hilo la vidonge vya unga wa mbao mnavyouziwa siku hizi kwenye mifuko. Wengine hulicheka swali kama hilo, husema jiko ni jiko. Mimi sicheki. Kuuliza si ujinga, na niliolewa katika nyumba iliyoulizana swali hilohilo msimu mzima wa mvua.

Ilikuwa miaka ya tisini, Restituta wangu wa kwanza bado namfunga mgongoni. Mume wangu Deusi alikuwa fundi seremala hapahapa Mpanda. Mama yake, Verediana, Mpimbwe wa kule Kibaoni, alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na maswali mengi. Kifua kilimsumbua. Akipika, alikohoa mpaka akashika ukuta. Na jiko letu lilikuwa kibanda cha tofali za udongo nyuma ya nyumba, hakina hata dirisha, paa lake kwa ndani limeng'aa kwa masizi kama limepakwa lami. Nikimwambia apumzike nipike mimi, anakuja kukaa mlangoni, maana hakuweza kukaa mbali na moto.

Deusi alichoka kusikia kile kikohozi. Siku moja akamwambia, "Mama, kuni basi. Tunabadilisha moto."

"Mnabadilisha mnaleta upi?" akauliza. "Na huo mtakaoleta unakula nini?"

Hapo ndipo nyumba ikagawanyika. Shemeji yangu Kasiano, aliyefanya kazi Tabora, alishuka na treni akiwa amekumbatia mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kupikia juu yake. Mtaani hatukuwa tumeuona. Majirani walikuja kuuangalia kama wanaangalia bibi harusi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Deusi naye alikuwa na wazo lake. Karakanani kwake unga wa mbao za mninga ulikuwa ukimwagwa tu, basi akamwendea fundi wa mabati sokoni, akatengenezewa jiko la debe lenye tundu chini. Unasimamisha mti katikati ya debe, unashindilia unga wa mbao kuuzunguka mpaka ukaze, kisha unauchomoa mti taratibu. Pale ulipokuwa panabaki tundu refu kama bomba. Unawasha kwa chini, moto unapanda. Ukiniuliza, hivyo vidonge vyenu ni mjukuu wa lile debe.

Kasiano alitaka tumalize upesi. "Mama, chukua gesi. Mchagua jembe si mkulima."

"Jembe nitachagua, mwanangu," mama mkwe akamjibu, "maana mgongo utakaouma ni wangu."

Akasema tutavijaribu vyote. Jumamosi asubuhi tukatoa mioto yote mitatu uwanjani: mafiga, mtungi na debe. Maharage yakapimwa kutoka gunia moja, kila chungu sawa na mwenzake. Jirani yetu Mama Niyonkuru, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakakaa Katumba, alikuja na kigoda chake na kucheka kwake, akisema hajawahi kuona mioto ikifanyiwa mtihani.

Basi tukaona, mwanangu. Gesi ilichemsha maji sisi bado tunajadiliana, wala haikutoa moshi. Lakini maharage si chai. Kadiri yalivyokaa, ndivyo Kasiano alivyouangalia mtungi kama mtu anayemwangalia mgeni anayekula sana. Na nilipojaribu kusonga ugali wa watu wengi pale juu, sufuria iliyumba, ikabidi Mama Niyonkuru anishikie kwa matambara. Mafiga yalitutoa machozi kama kawaida yake, ila ugali ulisongeka barabara. Debe lilianza kwa ukaidi, likafuka moshi mpaka mama mkwe akasogea pembeni. Kisha likatulia. Hakuna kuchochea, hakuna kupuliza. Maharage yakaiva sisi tunazungumza.

Mama mkwe aliinama akachungulia kwenye lile tundu jekundu. "Huu unaungua kimyakimya," akasema. "Mtu mkimya hujui anawaza nini."

Hata hivyo ndio aliouchagua. Tulifurahi. Kikohozi kilipungua wiki zilizofuata, na Deusi akawa anatembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyeumba mninga.

Sasa ile siku yenyewe. Ilikuwa mvua ya mchana, ile mvua ya huku kwetu inayokuja na ubaridi hata kama asubuhi jua liliwaka. Nilikuwa kwa Mama Niyonkuru tunachambua mchele, mtoto amelala mgongoni. Mama mkwe alibaki nyumbani peke yake. Alisikia baridi. Debe lilikuwa jikoni limeshaivisha, halitoi moshi, ndani mmebaki kaa jekundu tu linaloungua polepole. Akalishika kwa matambara, akaliingiza chumbani kwake, akafunga mlango na dirisha mvua isimrushie maji, akajilaza.

Mvua ilipopungua nilirudi. Nikaita, "Mama!" Kimya. Nikasukuma mlango. Joto likanipiga usoni, zuri kabisa, joto la kumfanya mtu atamani kukaa. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu ya kutisha. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, na nilipomtikisa, mkono wake ulianguka kama kamba.

Sikujua ni nini, mwanangu. Nilijua tu kwamba nilimwacha mzima. Nikapiga kelele, Mama Niyonkuru akaja mbio bila viatu. Nikamkabidhi mtoto, akamlaza barazani, tukamshika mzee, mmoja kwapani, mwingine miguuni, tukamtoa. Tukamlaza hapo nje, manyunyu yakimpiga uso. Mama Niyonkuru alikuwa akimwita kwa Kirundi na kwa Kiswahili, anampiga viganja mashavuni. Na mimi namwomba Mungu wa lugha zote.

Akavuta pumzi moja ndefu. Kisha akatapika. Sijawahi kufurahi kuona mtu anatapika kama siku ile.

Deusi alipofika mbio kutoka karakana alimfunga kwenye baiskeli ya jirani, tukamsukuma hadi zahanati. Tabibu alipouliza na kusikia habari za debe, alitikisa kichwa. Alitueleza kwamba kaa linapoungua ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa mbaya isiyoonekana, isiyonuka, inayomlaza mtu usingizi. "Angekaa kidogo zaidi, mngemkuta ameshakwenda," akasema. "Liwe la kuni, la mkaa, la huo unga, hata la gesi, halilali chumbani na mtu. Hata dirisha likiwa wazi, msijaribu."

Tuliporudi nyumbani Deusi alikuwa analia. Alilibeba lile debe akataka kulitupa shimoni. Kasiano, aliyekuwa hajarudi Tabora, akadakia, "Niliwaambia! Gesi tu!"

Mama mkwe alikuwa ameegemezwa barazani, kichwa bado kinamgonga. Akanyoosha kidole. "Lirudishe hapo. Debe halikuingia chumbani kwa miguu yake. Nililibeba mimi." Akakusanya pumzi. "Na wewe Kasiano, tabibu amesema hata gesi. Nyie wote wawili mlikuwa mnatafuta moto usio na moshi. Na mimi nikadhani moshi ukiondoka, ubaya umeondoka. Hakuna kati yetu aliyeuliza moto unapumulia wapi."

Mzee mwingine angeapa asiliguse tena. Yeye aliamka na njaa ya kujua. Alipopata nguvu, alinituma nimletee gunzi bichi la mahindi. Akaliwasha pale kwenye kibanda cha jiko, likafuka moshi mzito, naye akasimama mlangoni na leso puani akitazama.

"Mama Resti, unaona?" akaniambia. "Ile hewa haionekani, lakini moshi unaonekana. Pasipokuwa na njia ya huu, na ile haina njia."

Nikaangalia. Moshi ulipanda hadi kwenye paa, ukajaa, ukashuka ukatufuata usoni. Ulikuwa haujui pa kwenda. Alimwita Deusi akamwonyesha. Deusi akatoboa ukuta chini ya paa pande zote mbili, akaweka dirisha, mlango akaugeuza wa nusu ili juu pabaki wazi. Mama mkwe akachoma gunzi jingine. Safari hii moshi ulijikunja mara moja, ukatoka kama mtu aliyeitwa nje. Mzee alipiga makofi! Mama wa watu, ametoka kufa juzi, anashangilia moshi.

Hatukuchagua moto mmoja. Debe lilibaki la maharage na kisamvu. Mtungi ulikuwa wa uji wa mtoto na chai ya alfajiri, na ulipoisha huku reli imekatika kwa maji, tuliishi bila kunung'unika. Mafiga yalihamia kibandani karibu na dirisha, kwa ugali wa wageni. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na jikoni kwetu ilikuwa hivyo. Mama mkwe aliishi akamwona Restituta akienda shule, na akipata ubaridi alijifunika blanketi mbili.

Basi sikiliza, mwanangu, kwa sababu mwenye duka hatakwambia haya, yeye kazi yake ni kusifu. Kabla ya kuuliza jiko linawaka vipi, uliza kile linachokula kinatoka wapi, na siku kisipofika utafanyaje. Mwulize atakayelipikia, si anayelilipia peke yake. Angalia unapika nini mara nyingi, ugali au chai, wa wangapi. Ukichukua gesi, mtungi usimame penye hewa, na ukisikia harufu usiwashe hata kiberiti: funga, fungua milango, toka. Ukichukua vidonge au kuni, tengenezea moshi njia kabla hujanunua sufuria. Na jiko lolote, hata liwe tulivu namna gani, usilale nalo chumbani. Usiamini kitu kwa kuwa hakikusumbui macho.

Nenda ukajenge kwako. Mungu akupe moto wa kuivisha usiokudhuru, akupe kifua kizima na chungu kisichokauka, na wote utakaowapikia waamke salama.